Kuchagua Maltituli ya Betri kwa Kazi za Nyumbani

Maltituli ya betri ni mashine ya mkono yenye umbo la tochi nene, ambayo kwenye kichwa chake hufungwa bledi, pedi ya msasa au kikwangulio. Bledi yake haizunguki kama diski ya grainda, wala haipandi na kushuka kama ya jigso. Hutikisika kushoto na kulia kwa pembe ndogo sana, digrii tatu au nne tu kwa jumla, lakini kwa kasi inayofika mitikisiko 20,000 kwa dakika, yaani zaidi ya 330 kila sekunde. Kwa macho bledi huonekana imesimama, na anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani mashine inanguruma bure. Ikigusishwa kwenye ubao, inazama.

Ndani yake mota huzungusha mhimili ambao ncha yake imewekwa kando kidogo ya kitovu. Ncha hiyo husukuma uma wa chuma huku na huku, na uma ndio unaotikisa mhimili wa pili ulioshika bledi. Tabia zote za mashine hii, nzuri na mbaya, zinatokana na mpangilio huo. Bledi ambayo meno yake yako milimita 80 kutoka kitovu cha mhimili, ikitikisika kwa digrii 3, husogea takriban milimita 4 tu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hata kwenye kasi ya juu kabisa, meno yake husafiri kwa wastani wa chini ya mita 3 kwa sekunde. Diski ya grainda ya milimita 115 inayozunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wake husafiri kwa zaidi ya mita 65 kwa sekunde. Ndiyo maana grainda ikinasa hurusha mkono, na maltituli ikinasa husimama tu au hutetemeka. Ndiyo maana pia kazi ambayo grainda huimaliza kwa dakika moja, maltituli huweza kuifanya kwa dakika kumi. Anayeinunua ananunua usahihi na uwezo wa kufika mahali pembamba, na kwa hayo analipa kwa muda.

Mtikisiko huu ulianzia hospitalini. Katika miaka ya 1940 Homer Stryker, daktari wa mifupa wa mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan nchini Marekani, alibuni msumeno wa kufungulia hogo. Hogo ni gumu, halisogei, kwa hiyo meno hulila. Ngozi iliyo chini yake ni laini, huenda na kurudi pamoja na bledi bila kukatwa. Kampuni ya Fein ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1867 na ambayo mwaka 1895 ilitoa drili ya umeme ya mkono, ilitengeneza msumeno wake wa hogo mwaka 1967, kisha ikalipeleka wazo hilohilo karakanani, kwenye magari na useremala. Kwa miaka mingi mashine hii ilikuwa ghali na ilijulikana na mafundi wachache. Hataza za Fein zilipofikia ukomo mwishoni mwa miaka ya 2000, watengenezaji wengine waliingia kwa kishindo, bei ikashuka, na betri za lithiamu zikaikata waya. Jambo moja la historia hii limewapotosha baadhi ya watu, wakadhani maltituli nayo haikati ngozi: bledi ya hospitali ina meno madogo na pembe ndogo ya mtikisiko. Bledi ya kukatia mbao ina meno makali, na kidole haikionei huruma.

Mengi yanayoelezwa kuanzia hapa yametokana na ukarabati wa nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam, uliofanywa na mwenye nyumba mwenyewe, chumba baada ya chumba, jioni na siku za Jumapili. Nyumba ni ya matofali ya saruji, ina fremu za mninga zilizojengewa ukutani, dari za jipsamu zilizokuja baadaye, na bafu lililokuwa likivujisha maji kwenye ukuta wa jirani yake, yaani chumba cha watoto. Kila kazi ilifundisha kitu kimoja cha kutazama kwenye mashine, na mafunzo hayo hayakuja kwa mpangilio wa maelezo yaliyoandikwa kwenye boksi.

Kazi iliyoiingiza mashine humo ilikuwa ya milango. Sakafu ya zamani ya saruji iliwekwa marumaru juu yake, na unene wa marumaru pamoja na gundi uliinua sakafu kwa zaidi ya sentimita moja. Ubao wa mlango wenyewe si tatizo: unatolewa kwenye bawaba, unapunguzwa chini kwa msumeno na kumaliziwa kwa randa. Fremu ndiyo yenye ugumu, kwa sababu haitoki. Desturi iliyoenea ni fundi wa marumaru kuikata marumaru kwa grainda kuifuata fremu, akabakiza mwanya na kuujaza grauti. Fremu ya mbao hupanuka masika na kusinyaa kiangazi, grauti hupasuka, na maji ya kupigia deki hupata njia ya kuingia chini. Namna bora ni kuikata fremu yenyewe chini, kisha marumaru iingie chini yake. Kipande cha marumaru hulazwa sakafuni juu ya kipande cha boksi chenye unene wa gundi, bledi ya maltituli hulazwa bapa juu yake, na fremu hukatwa kwa kimo hichohicho. Hakuna chombo kingine cha mkono kinachofanya kazi hiyo vizuri hivyo. Msumeno wa kawaida hauna pa kupitisha mpini, na grainda haifiki kwenye kona bila kuukwangua ukuta.

Hapo mashine yenyewe ilianza kupimwa. Mninga si ubao laini, na mvule, mkongo na mtiki nazo ni hivyohivyo. Bledi ikisukumwa kwa nguvu na kwa kasi ya juu, moshi hutoka, ubao huungua, na meno hugeuka rangi ya samawati na kuisha ukali. Dawa yake ni kupunguza kasi, kutoisukuma sana, na kuipeleka bledi mbele na nyuma ili unga wa mbao utoke kwenye mkato. Kwa hiyo mashine isiyo na marekebisho ya kasi haifai kwa mbao za kwetu, hata ikiwa bei yake inavutia. Marekebisho yawe ya gurudumu au ya kubonyeza kwa kidole, yote yanafaa. Gurudumu hukaa lilipowekwa, na hilo husaidia pale ambapo mikono yote miwili imeshika mashine juu ya ngazi. La muhimu zaidi ni kwamba kasi isianguke mashine inapoelemewa. Mota isiyo na kaboni, inayoongozwa na kielektroniki, huongeza nguvu inapohisi mzigo. Mota ya kaboni huzama sauti na kupunguza kasi, hasa betri inapokaribia kuisha. Tofauti hiyo haionekani mashine ikijaribiwa hewani. Huonekana ndani ya ubao mgumu.

Pembe ya mtikisiko ndiyo namba inayotangazwa sana, na pia ndiyo inayochanganya sana. Bosch GOP 18V-28 ina digrii 2.8 kwa jumla, na ndiyo maana ya 28 kwenye jina lake. Makita DTM51 ina digrii 3.2. Milwaukee ya M18 Fuel imepanda hadi 4.2. Lakini baadhi ya watengenezaji huandika pembe ya upande mmoja tu: 1.6 kwenye karatasi ya kampuni moja ni sawa na 3.2 kwenye karatasi ya nyingine. Anayelinganisha mashine mbili bila kujua hilo huweza kuiacha iliyo bora. Kwa hesabu ileile ya bledi ya milimita 80, digrii 4.2 husogeza meno karibu milimita 6 badala ya 4, na mkato huenda haraka zaidi kwa kadiri hiyo. Gharama yake huja mkononi. Pembe kubwa hutetemesha zaidi, hufanya bledi iruke pale inapoanza mkato, na kwenye msasa huacha alama. Kwa nyumba ambayo kazi zake ni mchanganyiko wa kukata, kukwangua na kupiga msasa, digrii 3 hadi 3.6 zinatosha kabisa. Pembe kubwa kuliko hapo ni ya fundi anayekata fremu na mabomba kutwa nzima.

Baada ya milango ilifuata dari. Jipsamu ni laini, na maltituli huikata kana kwamba haipo, lakini nyuma ya jipsamu kuna nyaya. Shimo la taa lililokatwa kwa bledi inayozama sentimita nne huweza kuukuta waya wenye umeme. Baadhi ya mashine huja na kizuizi cha kina, kipande cha chuma kinachofungwa kando ya bledi ili isizame kupita kiasi. Ni kitu kidogo ambacho wauzaji hawakitaji, na anayenunua afanye bidii kukiulizia. Penye shaka, swichi kuu huzimwa kabla ya kukata, na hapo ubora wa betri huonekana wazi: nyumba haina umeme, mashine inaendelea na kazi.

Betri, kwa kweli, ndiyo mahali ambapo uchaguzi unapaswa kuanzia. Mwenye drili ya betri ya kampuni fulani nyumbani, inayofanya kazi vizuri na yenye chaja nzima, ana sababu nzito ya kununua maltituli ya kampuni hiyohiyo, mwili mtupu bila betri. Kununua familia ya pili ya betri ni kununua chaja ya pili, na baada ya miaka michache ni kuwa na betri mbili zilizochoka badala ya moja. Ubora wa maltituli moja kuliko nyingine mara nyingi haulipi gharama hiyo.

Volti zinazoandikwa nazo zinahitaji kusomwa kwa utulivu. Seli moja ya lithiamu ina wastani wa volti 3.6, seli tano zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 18, na zikiwa zimejaa hufika 20 au zaidi kidogo. Kwa hiyo betri ya DeWalt inayouzwa Marekani kama ya volti 20 na ile inayouzwa Ulaya kama ya volti 18 ni kitu kimoja. Seli tatu hutoa 10.8, ambazo huuzwa kama 12. Mashine za volti 12 ni nyepesi na nyembamba, huingia vizuri kwenye kabati la jikoni na chini ya sinki, na kwa jipsamu, plastiki na mbao laini hazina kasoro. Kwa mninga na kwa kukata misumari, za volti 18 hufanya kazi kwa utulivu zaidi.

Kinachoeleza kazi itaenda mbali kiasi gani si volti bali wati-saa, yaani volti zikizidishwa kwa amperi-saa. Betri ya volti 18 na Ah 2 ina Wh 36. Mashine ikila wati 200 inapokata, betri hiyo inadumu kama dakika 11 za kukata mfululizo. Ya Ah 5 ina Wh 90, na inakaribia nusu saa. Maltituli ni mashine yenye ulaji, kwa sababu huwashwa na kuachwa ikinguruma, tofauti na drili inayozungushwa kwa vipindi. Betri ndogo iliyotosha kwa drili itaonekana haba hapa. Hata hivyo betri kubwa ina uzito, na kwenye dari uzito huo huhesabiwa na mabega. Mpangilio uliofaa Tabata ulikuwa betri mbili za Ah 2 kwa kazi za juu ya kichwa, moja kwenye mashine na nyingine kwenye chaja, na moja ya Ah 5 kwa kazi za sakafuni.

Katika mgawo wa umeme wa mwaka 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024, mpangilio huo ulithibitisha thamani yake. Umeme ulirudi usiku, betri zikajazwa, kazi ikafanyika mchana. Nyumba yenye sola ndogo nayo inaweza kujaza betri ya Wh 36 bila shida, maana ukihesabu na upotevu wa chaja ni kama Wh 45 tu, kiasi ambacho paneli ya wati 100 hukitoa kwa chini ya saa moja ya jua kali. Inveta iwe ya wimbi safi. Chaja nyingi hazipendi umeme wa inveta za bei ya chini.

Wengi wenye ndugu Marekani, Uingereza au Omani huletewa mashine, na hilo lina mitego yake. Chaja iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni ya volti 120. Ikichomekwa kwenye soketi ya Tanzania yenye volti 230, au ya Kenya yenye 240, bila transfoma ya kushusha umeme, huungua papo hapo isipokuwa kama imeandikwa waziwazi kwamba inapokea 100 hadi 240. Njia salama ni kuleta mashine na betri, kisha chaja ya volti 230 ya familia ileile inunuliwe huku. Ya Uingereza huja na plagi ya pini tatu za bapa ambayo huingia moja kwa moja kwenye soketi nyingi za kwetu. Ndani ya ndege, betri ya lithiamu isiyofungwa kwenye mashine hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini. Hubebwa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Hadi Wh 100 haihitaji ruhusa, na kati ya 100 na 160 shirika la ndege lazima likubali. Betri ya volti 18 yenye Ah 5 inapita. Ya Ah 6 ina Wh 108 na inaweza kuzuiwa uwanjani mbele ya mjomba aliyeilipia.

Bandia ni tatizo kubwa zaidi upande wa betri kuliko upande wa mashine. Ganda huigwa kwa ustadi, kibandiko huandikwa Ah 5, na ndani mna seli tano dhaifu. Katika duka moja la Dar es Salaam iliwahi kuuzwa betri ya namna hiyo, ikaonekana kwa wepesi wake. Mizani ya jikoni hutosha kuigundua. Seli ya kawaida ya milimita 18 kwa 65 ina uzito wa chini kidogo ya gramu 50. Betri ya volti 18 yenye seli tano huwa na gramu 350 hadi 400 pamoja na ganda, na yenye seli kumi hupita 600. Zipo pia betri mpya za seli tano nene zaidi, za milimita 21 kwa 70, ambazo hufika Ah 4 na uzito wa karibu nusu kilo. Iliyoandikwa Ah 5 na kupimwa gramu 370 ni uongo, na muuzaji aombwe kurudisha pesa hapohapo.

Baada ya betri, bledi. Mashine hununuliwa mara moja, bledi hununuliwa maisha yote, na bei ya bledi nzuri moja hushtua mtu aliyezoea bei ya msumeno. Aina tatu hutosha kuelewa soko. Bledi ya chuma cha kaboni ni ya mbao safi, jipsamu na plastiki. Ikigusa msumari mmoja meno yake yamekwisha. Ya bimetali ina meno ya chuma kigumu yaliyounganishwa na mwili unaopinda, hukata mbao zenye misumari ya kawaida, bomba la shaba na skrubu laini. Ya kabaidi hukata skrubu zilizokomazwa kwa moto na misumari ya zege, ni ghali mara kadhaa, lakini kwa kazi hizo hudumu kuliko bimetali nyingi zikijumlishwa. Kwa saruji, grauti na marumaru hutumika bledi isiyo na meno, iliyopakwa chembe za kabaidi au almasi.

Fremu za Tabata zilikuwa zimeshikiliwa ukutani kwa misumari mirefu ambayo hakuna aliyekumbuka ilipo. Kwa fremu ya zamani yoyote, bledi ya bimetali ndiyo ya kuanzia hata kama kinachoonekana ni ubao mtupu. Vivyo hivyo kwa kazi ya mchwa, ambayo katika ukanda wa pwani haikwepeki: sehemu iliyoliwa ya fremu hukatwa kwa mraba, ubao mpya wa kipimo hichohicho huingizwa kwa gundi na skrubu, na fremu nzima huokolewa. Bledi ya upana wa milimita 32 au 34 hufanya sehemu kubwa ya kazi za nyumbani. Ya milimita 10 huhitajika kwenye mashimo madogo na kona. Ya nusu duara hufaa mkato mrefu ulionyooka, kwa kuwa haina pembe za kunasa.

Kabla ya kulipia mashine ni lazima kujua tundu lake linapokea bledi gani. Mwaka 2016 Fein na Bosch walileta mfumo uitwao Starlock, ambao bledi yake ina kitovu chenye umbo la bakuli la meno, hushikwa kwa nguvu na hubadilishwa bila ufunguo. Una ngazi tatu: bledi ya Starlock huingia kwenye mashine za ngazi zote, ya StarlockPlus huingia kwenye Plus na Max, na ya StarlockMax huingia kwenye Max pekee. Mashine nyingine hutumia kitovu bapa chenye matundu mengi ya kupokea pini, na seti nyingi za bei nafuu za bledi hutengenezwa kwa ajili ya mfumo huo bapa, zikiwa na tundu la wazi linaloteleza chini ya kifungio. Ushikaji wa Starlock ni imara zaidi. Hilo halina ubishi. Lakini kwa mtu anayeishi mbali na duka kubwa, mashine inayokubali bledi bapa za kampuni yoyote itafanya kazi siku nyingi zaidi kuliko mashine bora inayosubiri bledi yake ifike kutoka Nairobi au Dubai. Swali la kumuuliza muuzaji wa Kariakoo kabla ya lolote ni kama bledi za mashine hiyo anazo dukani, na ngapi.

Kifungio nacho kina uzito wake. Cha alenki hushika vizuri, ila ufunguo hupotea, na bledi iliyotoka kukata ni ya moto kiasi cha kuunguza ngozi. Cha wenzo hufunguka kwa mkono mmoja na kuidondosha bledi bila kuishika. Kazi ya bafu ndiyo iliyolidhihirisha hili, kwa kuwa kutoa grauti iliyooza kati ya marumaru kunataka kubadilisha bledi kila mara: ya almasi kwenye mstari ulionyooka, kikwangulio cha silikoni pembeni, bledi nyembamba kwenye kona.

Bafu hilo pia ndilo lililoonyesha ukomo wa betri. Kutoa grauti ni kazi ya saa nyingi, na betri hata ya Ah 5 huwa moto, chaja huikataa mpaka ipoe, na fundi hukaa akisubiri. Anayejua kwamba kazi yake kubwa ni grauti au msasa anafaa kununua maltituli ya waya, ambayo huwa ya bei ndogo kwa nguvu ileile na haina cha kuchaji. Ya betri ni kwa kazi fupi nyingi, juu ya ngazi, uani, kwenye paa, na kwa mahali ambapo umeme hauaminiki.

Grauti, saruji na marumaru zikikatwa hutoa vumbi la silika, chembe ndogo zisizoonekana ambazo hukaa kwenye mapafu na huleta ugonjwa usiopona. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizo; inatakiwa ya FFP2 au N95, dirisha wazi, na watoto wasiwepo. Mashine yenye kiunganishi cha mpira wa vakyumu hustahili kupewa alama ya ziada. Paa au ubao wa zamani unaoshukiwa kuwa na asbestosi usikatwe kabisa kwa mashine yoyote ya mtikisiko. Miwani na viziba masikio ni vya lazima, kwa kuwa sauti ya mashine hii ni kali na ya juu kuliko inavyotarajiwa kwa udogo wake, na ndani ya bafu la marumaru hurudi maradufu.

Zipo kazi ambazo haifai kulaumiwa kwa kuzishindwa. Nondo za dirishani ni za grainda. Ubao mrefu ni wa msumeno wa mviringo. Kuvunja marumaru za chumba kizima ni kazi ya nyundo na patasi, au ya drili ya kupigia zege. Nyumba ambayo ina hizo tu haihitaji maltituli, na fundi wa jirani aliye nayo anaweza kuitwa siku moja ikatosha.

Dukani, mashine ishikwe ikiwa na betri yake, si mwili mtupu, kwa sababu betri hubadilisha kabisa ulalo wake mkononi. Ikizimwa na kuwashwa kwa kidole gumba cha mkono ulioishika bila kubadilisha mshiko, swichi yake iko mahali sahihi. Ikiwashwa kwa kasi ya chini na kichwa kikashikwa kwa vidole, mtetemo uwe mwingi kichwani na mchache mpinini. Ukilingana, mkono utakufa ganzi kabla kazi haijaisha. Muuzaji anayejiamini hatakataa bledi ifungwe na kipande cha ubao mgumu kikatwe mbele yake, na kipande hicho mnunuzi aende nacho mwenyewe. Risiti iandikwe namba ya mashine na ya betri kando, kwa kuwa dhamana ya betri mara nyingi ni fupi kuliko ya mashine. Nyumbani, betri isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani wala kwenye stoo ya bati. Joto huila lithiamu hata isipotumika. Ikikaa wiki nyingi bila kazi, ihifadhiwe ikiwa imejaa nusu, nje ya mashine na nje ya chaja.